Chaji Haizaliwi kwa Kusugua

Kiswahili kina neno kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale ulioganda ukawa kama jiwe la rangi ya asali, unaotengenezewa shanga na tasbihi. Neno hilo limetufikia kupitia Kiarabu, nacho kililitoa katika Kiajemi, ambako maana yake ni mnyakua majani makavu. Waajemi walikuwa wameona kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta mabua na nyuzi nyepesi. Wagiriki wa kale nao waliliona jambo hilohilo, na kwao kaharabu iliitwa elektron. Ndiko lilikotoka jina la elektroni. Waarabu mpaka leo huuita umeme kahraba. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tano anayefungua sura ya umemetuamo haingii ugenini. Anarudi kwenye swali la zamani sana: mnyakuzi huyu hunyakua kwa nguvu gani?

Muulize mwanafunzi kusugua kunafanya nini, naye mara nyingi atajibu kwamba kunazalisha chaji. Jibu hilo ndilo linaloharibu sura nzima, maana kusugua hakuzalishi chochote. Kila atomu ina protoni zenye chaji chanya ndani ya kiini chake, na elektroni zenye chaji hasi nje ya kiini. Idadi zake zikiwa sawa, chaji hubatilishana na kitu huonekana hakina umeme. Ukisugua rula ya plastiki kwa kitambaa cha sufu, baadhi ya elektroni huhama kutoka kwenye sufu na kuingia kwenye rula. Rula inakuwa hasi, na sufu inabaki chanya kwa kiasi kilekile. Protoni hazikusogea. Ni kama fedha iliyotoka mfuko mmoja ikaingia mwingine: jumla haikuongezeka wala kupungua. Hiyo ndiyo kanuni ya uhifadhi wa chaji.

Tena chaji huhama kwa vipande visivyogawanyika. Elektroni moja hubeba kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹, kwa hiyo rula yenye chaji hasi ya nanokulombi 1 imepokea elektroni za ziada zipatazo bilioni 6.25. Plastiki ni kihami, hivyo elektroni hizo hubaki palepale zilipowekwa. Ukiushika ufito wa shaba kwa mkono na kuusugua, hutaona kitu, kwa sababu shaba ni kipitishi na chaji hupita mwilini mwako hadi ardhini. Unyevu nao huchangia. Mwalimu wa Tanga au Mombasa akifanya jaribio hili wakati wa masika, utando mwembamba wa maji juu ya rula huivujisha chaji, na darasa huondoka likidhani kitabu kimedanganya. Anika rula na kitambaa juani kwanza, kisha ujaribu tena.

Sasa ikaribishe rula kwenye vipande vya karatasi. Vinaruka na kunata. Lakini karatasi haikusuguliwa na haina chaji ya ziada. Inavutwa na nini? Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wasiharakishe. Rula iliyo hasi huzisukuma elektroni za karatasi upande wa mbali. Haziondoki katika molekuli zake, bali husogea kidogo sana. Upande ulio karibu na rula unakuwa chanya kidogo, na ule wa mbali unakuwa hasi kwa kiasi hichohicho. Rula inauvuta upande mmoja na kuusukuma mwingine. Kama umbali usingekuwa na athari, nguvu hizo mbili zingefutana na karatasi ingetulia.

Jibu lilipatikana Ufaransa mwaka 1785, Charles-Augustin de Coulomb alipopima nguvu kati ya chaji kwa mizani ya uzi unaosokotwa. Nguvu hulingana na zao la chaji mbili, na hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali:

F = kQ₁Q₂/r²

Hapa k ni takriban 9 × 10⁹ N m²/C². Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Kwa kuwa upande chanya wa karatasi uko karibu zaidi, mvuto unaushinda msukumo, na karatasi inaruka.

Tufanye hesabu moja. Vitufe viwili vyenye chaji ya mikrokulombi 1 kila kimoja vimeachana kwa sentimita 10. Nguvu ni 9 × 10⁹ × 10⁻⁶ × 10⁻⁶ ÷ 0.1², yaani niutoni 0.9, karibu na uzito wa kitu cha gramu 90. Visogeze hadi sentimita 5, nguvu inafika niutoni 3.6. Kosa la kawaida katika mtihani ni kusahau kubadili sentimita kuwa mita, au kusahau kuzidisha umbali kwa wenyewe.

Kilichotokea kwenye kipande cha karatasi hutokea pia kwenye ardhi nzima. Wingu la mvua ya radi kwa kawaida huwa hasi upande wa chini, nalo huzifukuza elektroni za ardhi iliyo chini yake, ardhi ikabaki chanya. Kati yao hujengeka uga wa umeme, yaani nguvu ambayo kila kulombi moja ingeipata pale. Katika hewa kavu, uga ukifikia takriban volti milioni 3 kwa mita, hewa huacha kuwa kihami. Uga hukolea zaidi kwenye ncha za vitu virefu, ndiyo maana wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako radi hupiga mara nyingi, hukatazwa kujikinga mvua chini ya mti uliosimama peke yake.

Kila utakapokutana na swali la sura hii, liwe la rula au la wingu, anza kwa kujiuliza: elektroni zimetoka wapi, na zimekwenda wapi? Ukishalijibu hilo, fomula utajua pa kuiweka.