Mbwa Kijana Aumaye na Kubweka

Ndugu zetu, katika Nyarero na vijiji vingine vya Tarime mbwa ni mlinzi wa boma na mifugo. Lakini akiingia ujana hutusumbua: huuma mikono ya watoto, na usiku hubweka bure. Wengi humpiga. Hilo ni kosa, kwa maana mbwa apigwaye hujifunza woga, na mbwa mwoga huwa mwepisi wa kuuma.

Kwanza tuijue sababu. Tangu mwezi wa nne hata wa saba meno ya utotoni hung'oka na mapya huota, na ufizi humsumbua. Yafaa tumpe kipande cha ngozi ngumu atafune. Akituuma mchezoni, tunyamaze na kumgeuzia mgongo. Ataona ya kuwa kuuma humkosesha mchezo. Akibweka, tutazame kilichomshtua, wala tusimpigie kelele. Anyamazapo, tumpe chakula kidogo. Mbwa afungwaye kutwa hubweka kwa upweke. Na afuatane na wachungaji malishoni.

Lakini mbwa aliyebadilika ghafula, akatokwa na udenda na kuuma ovyo, huenda ana kichaa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile. Sindano aliyoianzisha Louis Pasteur wa Ufaransa mwaka 1885 imeokoa wengi, lakini dalili zikiisha kuonekana, hapana dawa. Basi tuwafundishe mbwa wetu, na tuwapeleke wachanjwe.