Ghala Limejaa, Rafu Tupu

Katika maduka mengi ya jumla ya Kariakoo bado utalikuta lile bango la zamani juu ya droo ya fedha: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mzee mmoja muuza vifaa vya ujenzi, ninayemfahamu kwa miaka mingi, analo. Siku aliyoniita alinionyesha bango hilo kwa kidole, akacheka, akasema yeye madaftari anayo manne na mali inapotea vilevile.

Moja liko dukani. La pili liko godauni, Barabara ya Nyerere. La tatu ni mashine ya risiti za kodi, ambayo inajua kilichouzwa lakini haijui kilichobaki. La nne ndilo analoliamini kuliko yote: kichwa cha mtunza stoo wake, mtu aliyekaa naye tangu enzi za simu za mezani. Mtunza stoo akiugua malaria, biashara nayo inalala kitandani.

Sasa alitaka daftari la tano, programu ya kusimamia ghala. Wauzaji watatu walikuwa wameshamtembelea na kompyuta zao, kila mmoja akibonyeza hapa na pale, grafu zikipanda na kushuka kwa rangi. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: "Ninunue ipi?"

Nikamwomba kwanza tutafute kitu kimoja tu kwenye leja zake: misumari ya inchi nne. Tukaipata kwa majina matano. "Msumari 4", "misumari nchi nne", "N/4", "wire nails 4" na "ya paa kubwa". Mahali pengine ilihesabiwa kwa boksi la kilo 25, kwingine kwa kilo, na katika ukurasa mmoja kwa "mfuko", ambao hakuna aliyekumbuka ulikuwa na kilo ngapi. Programu yoyote kati ya zile tatu ingeyapokea majina hayo matano kwa adabu zote na kuyafanya bidhaa tano. Kompyuta haiwezi kuingia godauni ikachungulia. Inachohesabu ni maneno tuliyoiambia.

Asiyeamini awaulize watu wa Target. Kampuni hiyo kubwa ya maduka ya Marekani iliamua kuingia Kanada, na mwaka 2011 ilitangaza kulipa takribani dola za Kanada bilioni 1.8 ili kuchukua mikataba ya pango ya maduka ya Zellers. Fedha haikuwa shida, na programu ilizonunua ni zile zile zinazotumiwa na makampuni makubwa duniani. Shida ilikuwa haraka. Vijana wengi wapya walikalishwa kuingiza taarifa za makumi ya maelfu ya bidhaa huku tarehe ya ufunguzi ikiwa imeshatangazwa. Vipimo vya inchi vikaandikwa palipotakiwa sentimita. Upana ukakaa mahali pa urefu. Jarida la Canadian Business lilipowahoji baadaye waliokuwa ndani, walikadiria kwamba taarifa zilizokuwa sahihi zilikuwa karibu asilimia 30 tu.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Maduka yalipoanza kufunguliwa Machi 2013, wateja walikuta rafu zina mapengo, ilhali maghala yalikuwa yamefurika kiasi cha malori kukosa pa kushusha. Katoni ambayo kwenye kompyuta ingeenea rafuni, kwa macho haikuenea. Kibaya zaidi, baadhi ya waliopimwa kwa kigezo cha bidhaa kutoadimika waligundua kwamba ukizima uagizaji wa moja kwa moja wa bidhaa fulani, ripoti haiionyeshi tena kuwa imeadimika. Wakazima, na ripoti zikapendeza. Januari 2015 kampuni ikatangaza kuondoka, maduka 133 yakafungwa na watu wapatao 17,600 wakabaki bila kazi.

Huwa naikumbuka habari hiyo kila ninapolisikia neno "gunia" katika biashara zetu. Gunia si kipimo. Mkulima anayeuza lumbesa na mnunuzi anayeipokea wote wanajua kwamba lile gunia lenye kilemba lina uzito zaidi kuliko jirani yake, lakini daftarini yote mawili huandikwa gunia moja moja. Ukiiingiza lugha hiyo kwenye programu, umeipa uongo mavazi rasmi. Kwa hiyo kabla ya kumpigia muuzaji simu, kaeni chini muorodheshe bidhaa zenu: jina moja kwa kila kitu, kipimo kidogo kabisa mnachouzia, na kila kipimo kikubwa kina vidogo vingapi ndani yake. Ni kazi ya kuchosha, ya wiki kadhaa, na hakuna atakayeifanya vizuri zaidi ya mtunza stoo akisaidiwa na kijana anayejua kuchapa.

Bakodi nayo ina mtego wake. Bidhaa nyingi za viwandani tayari zimechapwa, na nambari zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Lakini bakodi ya katoni mara nyingi si ile ya kopo lililomo ndani. Kijana akipiga mashine kwenye kopo huku akipokea katoni, makopo kumi na moja kati ya dazani yamepotea kabla hayajafika rafuni, na hakuna aliyeiba.

Orodha ikiwa tayari, kuchagua kunakuwa kazi nyepesi. Mkatalie muuzaji anayetaka kukuonyesha mifano yake. Mpe bidhaa zako hamsini na siku yako mbaya kuliko zote: lori limefika usiku, katoni tatu pungufu, mbili zimelowa, mteja wa Morogoro anarudisha nusu ya oda, umeme umekatika na intaneti imekwenda nao. Mwache aipitishe siku hiyo kwenye programu mbele ya watu wako. Anayeuza dawa au vyakula aone kwa macho kama mfumo unaanza kutoa kinachokaribia kuisha muda, hata kama kiliingia jana. Kisha muulize, siku tukiachana, taarifa zangu nitaondoka nazo vipi? Akianza kuzunguka, mmeshamalizana.

Bei ya leseni ndiyo inayozungumzwa zaidi, nami naiona ndogo. Kilichomgharimu mzee wangu ni muda, kuzipa rafu anwani na kubandika lebo. Lebo zile za bei nafuu, zinazochapwa kwa joto bila utepe wa wino, zilififia zote upande wa godauni unaopigwa na jua la mchana. Ikabidi kuchapa upya.

Alitaka pia kuanza Desemba, "tuuingie mwaka na mfumo." Nikamsimulia habari ya Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, waliowasha mfumo wao mpya Julai 1999, maduka yakijiandaa kwa peremende za sikukuu ya Halloween. Chokoleti ilikuwepo, lakini oda za takribani dola milioni 100 hazikufika kwa wateja kwa wakati. Mzee akasogeza hadi masika, mvua zinapopunguza ujenzi, na akaanza na mabati peke yake.

Jumamosi ya kuhesabu, mlango wa godauni ulifungwa saa kumi jioni. Makundi mawili yalihesabu kila rafu kwa zamu, karatasi zao zikiwa na majina ya bidhaa bila idadi yoyote, maana mtu akionyeshwa kwamba kompyuta inatarajia 40, macho yake nayo yataona 40. Saa nne usiku makundi yote mawili yakakubaliana: mabati ya geji 28 yamepungua matano.

Makuli wakatazamana. Mtunza stoo akakaa kimya, akiangalia chini. Mzee akakuna kichwa, akauliza kama ni yale ya mwezi uliopita, yale aliyopakia mwenyewe kwenye pikapu Jumapili moja na kusema ataandika kesho.

"Ni yale, mzee," mtunza stoo akasema, akamsogezea kishikwambi. "Hapa panataka jina la mteja."

Mzee akavaa miwani, akachapa kwa kidole kimoja: shemeji.