Picha Safi, Miguu Iliyofungwa

Wayaka wa Kwango, magharibi mwa Kongo, wana neno konzo, yaani miguu iliyofungwa. Ndilo jina la ugonjwa ambao daktari Mtaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima. Kukicha, au baada ya siku mbili tatu, miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanasuguana, visigino havikanyagi chini, na hali hiyo haimwachi tena. Wanaoupata zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na wanawake wa umri wa kuzaa, katika kaya zinazokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila samaki wala nyama. Mkazi wa Uvira asidhani ni habari ya mbali. Mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa ya konzo katika Kivu Kusini yenyewe, kwenye milima ya Burhinyi na Luhwinja, wilayani Mwenga, katika eneo lililochakazwa na vita. Muhogo unataka kama siku tatu majini mpaka ulainike na kutoa ile harufu kali, na sumu yake ya sianidi ipungue. Anayekimbia risasi hana siku tatu.

Ugonjwa huu una fundisho kubwa kuhusu namna ubongo unavyochunguzwa. Mwaka 1993 timu ya Thorkild Tylleskär wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa kina wa wagonjwa wawili kutoka Zaire, walioathirika vibaya. Kwanza walipigwa picha za MRI, mashine inayotumia sumaku kubwa kuchora tishu za mwili tabaka kwa tabaka. Ubongo ulionekana hauna kasoro, uti wa mgongo vilevile. Kisha kikafuata kipimo cha pili, kilichobuniwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield mwaka 1985. Koili ya waya inawekwa juu ya utosi na kutoa pigo fupi mno la sumaku, linaloziamsha seli zinazoamrisha misuli. Vipande vya chuma vilivyobandikwa mguuni vinangoja jibu. Kwa mtu mzima mwenye afya, msuli wa muundi unashtuka baada ya sehemu thelathini hivi za elfu ya sekunde. Kwa wagonjwa wale msuli haukujibu kitu, hata nguvu ya pigo ilipofikishwa mwisho. Njia ya amri kutoka ubongoni ilikuwa imekatika kikazi, ingawa kwenye picha ilionekana timamu. Boti iliyoegeshwa bandarini Kalundu inaweza kuwa na mbao nzima na rangi mpya, lakini anayetaka kujua kama itafika Kalemie lazima avute kamba ya injini.

Kwa hiyo nasema kwamba utafiti wa ubongo katika nchi zetu usipimwe kwa kuwapo au kutokuwapo kwa MRI. Kupima kazi ya neva ni sayansi kamili ya ubongo, na mara nyingine ndiko kunakogundua kile ambacho picha haikioni. Hata ile MRI inayoonyesha sehemu za ubongo zikifanya kazi haisomi umeme wa seli. Inasoma mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo huchelewa kwa sekunde kadhaa. Atakayenipinga atanitajia Blantyre, na ana haki. Huko Malawi timu ya Terrie Taylor iliwapiga picha watoto waliopoteza fahamu kwa malaria, na mwaka 2015 ikaonyesha kwamba kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Hakuna kipimo cha umeme ambacho kingeuonyesha uvimbe huo kwa uwazi ule, na malaria ni ya kwetu pia. Lakini tuangalie mpangilio wa kazi ile. Swali lilizaliwa kitandani kwa mgonjwa: mtoto huyu anakufa kwa sababu gani? Mashine ikachaguliwa kwa ajili ya swali. Katika konzo swali lilihusu mwendo, na chombo cha kufaa kikawa kingine.

Pingamizi zito zaidi linasema hivi: chanzo ni muhogo, basi watu wafundishwe kuuandaa, fedha za ubongo za nini? Ni kweli kwamba kinga itangulie. Howard Bradbury wa Australia alipendekeza jambo rahisi: unga ulowanishwe, utandazwe tabaka jembamba, uachwe saa mbili juani au tano kivulini ili sianidi iondoke na hewa. Jean Pierre Banea na wenzake waliufikisha utaratibu huo kwa akina mama wa Popokabaka, huko Kwango, na wagonjwa wapya hawakuonekana. Ila mwaka 2013 Michael Boivin na Désiré Tshala-Katumbay walieleza matokeo ya Kahemba, Kwango pia, yanayotia hofu. Watoto wa vijiji vya konzo waliokuwa wakitembea vizuri kabisa, bila dalili yoyote miguuni, walipata alama za chini katika vipimo vya kufikiri na vya wepesi wa mikono kuliko watoto wa eneo lisilo na ugonjwa huo. Hapa kuhesabu vilema hakutoshi. Bila vipimo vya ubongo, madhara hayo yangepita kimya, na mwalimu angemwita mtoto mzito.

Na hapa ndipo ufuko wetu wa Uvira una nafasi yake. Mwili huipunguza makali sianidi kwa kuiunganisha na salfa na kuitoa kwa mkojo, na salfa hiyo hutoka katika protini, ikiwamo ya samaki kama ndagala na mikeke. Ufukoni bugali wa muhogo unaliwa na samaki. Milimani, na kwa waliokimbia makwao, mara nyingi ni sombe peke yake, na majani hayo nayo ni ya muhogo. Kulinganisha watoto wa pande hizi mbili ni utafiti ambao vyuo vya Kivu Kusini vinaweza kuuanza kwa kupima mkojo, kwa majaribio ya kumbukumbu na ya vidole, na kwa karatasi ndogo ya manjano inayofungiwa chupani pamoja na unga usiku kucha, ikigeuka kahawia kadiri sianidi inavyozidi. Koili ya sumaku ifuate, kwa wale ambao vipimo hivyo vitawatilia shaka.