Rangi za kompyuta si urembo tu, humsaidia mtoto kusoma

MTOTO anapoinamia kompyuta mpakato hadi pua inakaribia kugusa kioo, wazazi wengi humwambia akae sawa. Akichelewa kumaliza kazi ya shule, huambiwa anacheza. Mara chache mzazi hujiuliza swali jepesi zaidi: je, anachokitazama kinasomeka?

Nyumba nyingi zenye kompyuta huwa na moja tu, na aliyeizoea ndiye anayeipanga. Kaka wa kidato cha nne akipenda kioo cheusi chenye herufi ndogo za kijivu, mdogo wake wa darasa la tano na bibi anayesoma barua pepe hulazimika kuvumilia.

Mpangilio huo wa rangi, herufi na vitufe huitwa mandhari. Wengi huuona kama pambo la ukutani. Lakini mandhari mbaya humfanya mtoto mwenye akili timamu akisie maneno badala ya kuyasoma, kisha aitwe mvivu.

Kwa nini programu nyingine hazitii

Mzazi aliyewahi kubadili rangi za kompyuta huenda aliona jambo la ajabu: programu nyingine zilibadilika, nyingine zikabaki vilevile. Sababu ni kwamba programu nyingi hutengenezwa ili zitumike kwenye Windows, macOS na Linux bila kuandikwa upya kila mahali. Mifano ni kivinjari cha Firefox, LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, Telegram ya kompyuta, na Visual Studio Code inayotumiwa na vijana wanaojifunza kuandika programu.

Programu hizi ni kama wageni. Mmoja akifika hufuata desturi za nyumba, mwingine huja na nguo zake na havui. Za aina ya kwanza huchukua rangi za mfumo wa kompyuta. Za aina ya pili hujichorea zenyewe menyu na vitufe vyake. Visual Studio Code, iliyoanza mwaka 2015, ni ya aina hii ya pili, kwa kuwa imejengwa kwa teknolojia ileile ya vivinjari vya intaneti.

Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa hatua mbili: kwanza mfumo mzima, kisha programu moja moja.

Anza na mfumo

Windows, macOS na matoleo makubwa ya Linux yana sehemu ya ufikivu ndani ya mipangilio. Humo mzazi anaweza kukuza maandishi na kuongeza utofauti wa rangi bila kununua wala kupakua chochote.

Utofauti ndio wa kuangalia zaidi. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka uwiano wa mwangaza kati ya herufi na kilicho nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ina uwiano wa 21 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa kwa kuonekana cha kisasa, mara nyingi hakifikii kiwango hicho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisha programu moja moja

Katika Firefox, mandhari hupatikana kwenye menyu ya viongezi. Muhimu zaidi kwa mwanafunzi ni mwonekano wa kusomea, unaoondoa matangazo na kumruhusu kuchagua ukubwa wa herufi na rangi ya ukurasa. Mahali pengi, kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha hukuza kinachoonekana mara moja.

LibreOffice huruhusu kubadili rangi ya karatasi inayoonekana kwenye kioo, na karatasi itakayochapishwa haiguswi. Lakini mtoto akichagua mwenyewe herufi nyeupe ili azione juu ya weusi, akichapisha kazi yake atapata karatasi tupu. Aiache rangi ya herufi ijiamulie yenyewe.

Katika Visual Studio Code, bonyeza Ctrl na K, kisha Ctrl na T, orodha ya mandhari itafunguka. Ndani yake zimo zenye utofauti mkubwa, nyeusi na nyeupe.

Nyeusi si dawa ya kila jicho

Kioo cheusi hupunguza mwanga mkali chumbani usiku. Mchana karibu na dirisha, kioo hichohicho huakisi mwanga na kusomeka kwa shida. Baadhi ya watu wenye astigmatizimu, yaani umbo la jicho lisilo sawa pande zote, huona herufi nyeupe juu ya nyeusi zikitawanyika kama zenye ukungu.

Wapo pia wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Hali hiyo hurithiwa na huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa vinasaba vyake hubebwa na kromosomu X. Mtoto wa namna hiyo akipewa programu inayoonyesha kosa kwa nyekundu na jibu sahihi kwa kijani, huenda asione tofauti. Atafutiwe mandhari yenye bluu na rangi ya chungwa, au inayoweka alama pamoja na rangi.

Njia ya kujua ni kumketisha mtoto, kioo kikiwa umbali wa mkono ulionyooshwa, asome aya moja kwa sauti. Badili mandhari, asome nyingine. Akiendelea kukunja macho au kulalamika kichwa kinauma, tatizo halitatuliwi na rangi. Apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

Tahadhari kabla ya kupakua

Mandhari za bure ni nyingi mtandaoni, na wahalifu wanalijua hilo. Chukua zile zinazopatikana ndani ya programu yenyewe au kwenye tovuti rasmi ya watengenezaji. Mandhari ya Telegram, kwa mfano, ni faili dogo la rangi. Kinachoitwa mandhari lakini jina lake linaishia na exe ni programu kamili, nayo inaweza kuiba nywila za familia nzima.

Na ugomvi wa kaka na mdogo wake? Hauhitaji kompyuta ya pili. Fungua akaunti ya kila mtu kwenye kompyuta hiyohiyo. Kila anayeingia atakuta rangi na herufi zake, na bibi hatalazimika tena kumwita mjukuu amsomee barua ya mwanawe.