KASUKU NYUMBANI: MAHALI PA KULALA NA NAMNA YA KULALA

Wako watu wengi wafugao kasuku majumbani mwao, na aghalabu wajua kumlisha na kumfundisha maneno. Lakini habari ya kulala kwake haitiwi maanani. Mchana husifiwa na kila mgeni, na usiku huachwa sebuleni au jikoni, penye taa na kelele, mpaka mwenye nyumba mwenyewe aende kulala. Baada ya miezi kadha ndege huanza kupiga makelele ovyo, kuuma watu, na hata kujing'oa manyoya ya kifuani mpaka ngozi yaonekana. Hapo watu husema amerogwa, au ni mkali kwa tabia. Sababu za kujing'oa manyoya ni nyingi, kama vile maradhi, chakula kibaya na upweke. Lakini kukosa usingizi ni mojawapo, nayo ndiyo iwezayo kuondolewa na mwenye nyumba kwa gharama ndogo kabisa.

ASILI YAKE

Kasuku tumnenaye hapa ni yule wa rangi ya kijivu mwenye mkia mwekundu. Yeye si ndege wa pwani wala wa mjini. Kwao ni misitu mikubwa, tangu nchi za Ghuba ya Guinea, kupita Kongo, hata Uganda na msitu wa Kakamega, magharibi ya Kenya. Nchi hizo zi karibu na Ikweta, ambako usiku huwa kama saa 12 mwaka mzima. Jua likikaribia kuchwa, makundi ya kasuku huruka juu ya msitu wakiitana kwa sauti kubwa, wakakusanyika wengi katika miti mirefu, wakalala juu matawini. Alfajiri huamka na kutawanyika kutafuta matunda na kokwa.

Basi kasuku huhitaji mambo matatu usiku: giza refu, mahali pa juu, na kujua kuwa wenziwe wako karibu. Mwenye kuyakumbuka hayo hatakosea sana.

WAKATI WA KULALA

Yafaa apate giza na utulivu kwa muda wa saa 10 hata 12 kila usiku. Akilazwa saa 1 jioni, aamshwe saa 12 au saa 1 asubuhi. Saa ikiisha kuchaguliwa isibadilishwe kila siku, maana ndege huyu hupenda desturi. Katika nyumba ambamo watu huzungumza na kutazama televisheni mpaka saa 5 usiku, haitoshi kufunika tundu kwa nguo na kumwacha hapo hapo. Macho hayaoni, lakini masikio yasikia. Lililo bora ni kuwa na tundu la pili, dogo kuliko la mchana, katika chumba kitulivu, na kumhamishia humo kila jioni.

TUNDU NA KIJITI CHA KULALIA

Tundu liwe pana kiasi cha ndege kukunjua mabawa yote mawili pasipo kugusa kando. Mabawa ya kasuku yakikunjuliwa hupata kama nusu mita. Nafasi baina ya waya na waya isizidi sentimeta 2 na nusu, asije akaingiza kichwa akanaswa. Jihadhari na waya uliopakwa zinki na rangi ya zamani yenye risasi, kwa kuwa kasuku hutafuna kila kitu, na madini hayo ni sumu kwake.

Kijiti cha kulalia kiwekwe juu kuliko vingine vyote, lakini kichwa kisiguse dari. Tawi la mpera lafaa sana: ni gumu, na unene wake si sawa pote, hata miguu haichoki kwa kushika namna moja. Unene uwe kiasi ambacho vidole havikutani upande wa chini.

Wengine humtengenezea kijumba au sanduku la kulalia. Hili halifai. Msituni kasuku huingia katika pango la mti wakati wa kutaga na kulea makinda, wala si kwa kulala kila siku. Akipewa sanduku hudhani majira ya kutaga yamefika, akawa mkali.

Methali yasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni". Lakini kasuku asifungwe mnyororo mguuni usiku. Akishtuka gizani na kuruka aweza kuvunjika mguu.

MAHALI PA KUWEKA TUNDU

Tundu liegemee ukuta upande mmoja, ndege apate kujiona salama. Lisiwe dirishani penye upepo wa baridi na taa za magari. Likifunikwa, nguo iwe nyepesi, isiyo na nyuzi za kunasa kucha, na upande mmoja uachwe wazi apate hewa.

Jikoni asilale kamwe. Mapafu ya ndege hupitisha hewa kwa namna iliyo kamili kuliko yetu, kwa hiyo sumu iliyomo hewani humdhuru upesi. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walichukua ndege wadogo aina ya kanari mashimoni hata mwaka 1986: ndege akianguka, watu walijua kuwa hewa imeharibika. Moshi wa jiko la makaa, moshi wa udi, dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza, yote ni hatari kwake. Tena sufuria na vikaango vya kisasa visivyoshika chakula, vikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa iwezayo kumwua kasuku kwa muda wa dakika chache.

ADUI WA USIKU

Panya, paka, nyoka na siafu ndio adui zake. Mabaki ya chakula yaondolewe jioni, maana ndiyo yawavutayo panya na mende. Maji ya kunywa yabaki. Pahali penye siafu, miguu ya meza ya tundu isimamishwe katika makopo ya maji. Chandarua chafaa kumkinga na mbu, lakini kitandazwe mbali na mdomo wake.

Pengine kasuku hushtuka gizani akapiga mabawa kwa nguvu. Usimkamate. Washa taa, sema naye kwa sauti ya upole mpaka atulie, kisha mtazame kama ana jeraha. Akiwa na desturi ya kushtuka, mwachie taa dogo hafifu.

DALILI ZA AFYA

Kabla ya kulala, kasuku aliyeridhika husaga mdomo wake taratibu. Sauti hiyo si ugonjwa. Mara nyingi husimama kwa mguu mmoja, akageuza kichwa na kukificha katika manyoya ya mgongoni. Lakini ukimwona amejivimbisha manyoya mchana kutwa, asinzia kwa miguu miwili, au ameshuka chini ya tundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

ASILALE KITANDANI

Si vema kulala na kasuku kitandani, wala watoto wasilale chumbani mwake. Mtu aweza kumlalia akafa. Tena yako maradhi ya kasuku yaambukizayo watu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Dalili zake ni homa, kuumwa kichwa na kikohozi. Katika miaka ya 1929 na 1930 maradhi hayo yalienea katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani. Siku hizi dawa yake ipo, lakini yapasa kumwambia daktari kuwa una ndege nyumbani. Karatasi ya chini ya tundu ibadilishwe kila siku, nayo ilowanishwe kwanza ili vumbi lisiruke.

WAJIBU WA MFUGAJI

Kasuku aitwaye Alex, aliyefundishwa Marekani na Bibi Irene Pepperberg, alijua majina ya vitu, rangi na hesabu ndogo, mpaka alipokufa mwaka 2007, umri wake miaka 31. Kiumbe mwenye akili namna hiyo huona upweke. Basi kila jioni mwage kwa maneno yale yale, na alale mahali awezapo kusikia kwa mbali kuwa watu wa nyumba wapo.

Mwisho, wazee na walimu wawaeleze watu kuwa kasuku hawa wamepungua sana misituni kwa kunaswa na kuuzwa. Mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulipiga marufuku biashara ya nchi na nchi ya kasuku walionaswa porini, na amri hiyo ilianza Januari 2017. Katika Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, kumfuga kwahitaji kibali. Usinunue kinda la msituni. Aliye naye kwa halali akumbuke kuwa ndege huyu aweza kuishi miaka 40 na zaidi, naye kila usiku wa miaka hiyo hana mwingine wa kumtengenezea usiku wake ila mwenye nyumba.