Ruta moja, nyumba tatu: kugawa mtandao wa ofisi ya parokia kwa VLAN

Katika ofisi nyingi za parokia zetu, Korogwe mjini na hata Handeni, siku hizi kuna ruta moja ya intaneti ambayo nenosiri lake linajulikana na kila mtu. Analo katibu wa parokia, analo mhasibu, wanalo wanakwaya, wanalo vijana wanaorusha Misa mtandaoni, na mgeni akiomba anapewa. Ukarimu huo ni mzuri. Lakini kwenye mtandao huo huo imeunganishwa kompyuta yenye kumbukumbu za ubatizo na ndoa, orodha ya zaka ya kila familia na hesabu za ujenzi.

Wengi hudhani nenosiri la waifai ni mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti tu. Kumbe ni mlango wa kuingilia nyumba nzima. Kwenye mtandao usiogawanywa, kifaa kimoja kikiuliza, “Nani mwenye anwani hii?”, swali linafika kwa vifaa vyote. Simu yenye programu mbovu inaweza kuigundua kompyuta ya mhasibu, ikajaribu kufungua folda zilizoachwa wazi, ikaigusa printa na kamera ya getini. Mwenye simu wala hajui.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Daftari la ubatizo lina zote mbili. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 220, inalinda sifa njema na faragha ya mtu, na kanuni ya 535 inamtaka paroko aangalie vitabu vya parokia visiangukie mikononi mwa wasiohusika. Kanuni hizo ni za mwaka 1983, wakati ulinzi wa kitabu ulikuwa kabati na ufunguo.

Njia ya kwanza ya kutenganisha ni kununua vifaa viwili vya kila kitu na kulipia intaneti mara mbili. Parokia chache zinaweza. Njia ya pili ni VLAN, yaani kuifanya swichi moja ijigawe ndani kwa ndani kana kwamba ni swichi kadhaa. Waya ni ule ule, intaneti ni ile ile, ila vifaa vya kundi moja haviwaoni wa kundi jingine.

Fikiria vifurushi vinavyopandishwa basi la Korogwe kwenda Handeni. Vyote vimo kwenye buti moja, lakini kila kimoja kina jina la mwenyewe, na wakati wa kushusha kila mtu anachukua chake. Swichi hufanya hivyo hivyo: katika waya unaobeba makundi yote, hubandika lebo ya baiti 4 kwenye kila kifurushi cha data, na ndani yake mna namba ya kundi. Utaratibu huo unaitwa 802.1Q. Namba zinazotumika ni 1 hadi 4094. Parokia inahitaji tatu.

Tuseme VLAN 10 ni ya ofisi: kompyuta za katibu na mhasibu pamoja na printa. VLAN 20 ni ya kamera. VLAN 30 ni ya wageni, kwaya na vijana. Kila kundi lipewe anwani zake, kwa mfano 192.168.10, 192.168.20 na 192.168.30, ili hata kwa macho ujue kifaa ni cha wapi. Swichi iwe ile inayokubali kusetiwa. Zile za bei ya chini kabisa za kuchomeka tu haziwezi. Kifaa cha waifai nacho kiweze kurusha majina zaidi ya moja, kila jina na VLAN yake. Kama fedha haitoshi, washa sehemu ya wageni iliyomo kwenye ruta nyingi za nyumbani. Si kamili, lakini ni bora kuliko kukaa bila kitu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kuweka namba tu hakutoshi, kwa sababu ruta nyingi, zikikuta mitandao mitatu, huiunganisha zenyewe. Lazima uandike kanuni kwenye ruta: VLAN 30 iende kwenye intaneti, isiende VLAN 10 wala 20. Kamera zisianzishe mazungumzo na yeyote.

Ukishaseti, hifadhi. Baadhi ya swichi husahau kila kitu umeme ukikatika kama hukubonyeza sehemu ya kuhifadhi, na umeme wetu tunaujua. Pia usibadilishe namba ya tundu ambalo kompyuta yako mwenyewe imechomekwa, utajifungia nje.

VLAN haizuii kirusi kinachokuja kwa flashi iliyotoka stesheneri, wala haiongezi bando. Na haivuki barabara: VLAN 10 ya ofisi ya Korogwe na VLAN 10 ya ofisi ya Handeni hazijuani, hata zikiwa na namba moja. Kuziunganisha kunahitaji njia ya siri kupitia intaneti, na hiyo ni kazi nyingine.

Mwisho wa kazi, fundi asikuambie tu kwamba tayari. Chukua simu, ingia waifai ya wageni, andika kwenye kivinjari anwani ya printa ya ofisi. Ukurasa wa printa ukifunguka, fundi bado hajamaliza.