Faraja Si Maneno Tu

Somo la leo ni juu ya neno moja: faraja. Mtu akifiwa, au mvua isiponyesha na ghala likawa tupu, humwambia, "Pole." Neno hilo ni jema. Je, latosha?

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume mna habari za Yusufu, mtu wa kisiwa cha Kipro. Mitume walimwita Barnaba, maana yake mwana wa faraja. Jina hilo lilimfaa. Aliuza shamba lake, akawapa mitume fedha kwa ajili ya wenye shida. Tena Sauli alipokwisha kuongoka alikwenda Yerusalemi, lakini wanafunzi walimwogopa, kwa kuwa zamani aliwatesa. Barnaba alimpeleka kwa mitume, akawa shahidi wake. Kumpokea mtu anayekimbiwa na wengine, hiyo nayo ni faraja.

Baadaye njaa iliingia, siku za Klaudio, aliyetawala Rumi toka mwaka 41 hata mwaka 54. Wakristo wa Antiokia, mji ambao leo huitwa Antakya katika nchi ya Uturuki, waliazimu kuwasaidia ndugu zao wa Uyahudi. Mbali hiyo! Toka Antiokia hata Yerusalemi ni zaidi ya kilomita 400. Tena miongoni mwao walikuwamo Wayunani, wasio wa kabila la Wayahudi. Walakini walichanga.

Angalia walivyofanya. Kwanza, kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake. Pili, mchango ulipelekwa na watu wawili wa kuaminiwa, Barnaba na Sauli. Tatu, ulikabidhiwa kwa wazee wa kanisa, sio kwa mtu yeyote tu.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo. Tuseme jirani yako amefiwa na mumewe. Siku za matanga nyumba imejaa watu. Matanga yakiisha, kila mtu hurudi kwake, na hapo ndipo shida huanza. Nani atalima? Nani atanunua madaftari ya watoto? Basi, nenda wakati huo. Usingoje akuombe, maana huenda akaona haya. Kama huna fedha, chukua jembe lako ukalime naye.

Na mkichanga, ninyi sasa mwajua kuandika. Andikeni katika daftari fedha zilizoingia na zilizotoka, watu wawili watie sahihi. Hapo mashaka hayataharibu wema wenu.

Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema akupaye pole.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mchango ulipelekwa na watu wawili?
2. Ni nani karibu nanyi ambaye matanga yake yamekwisha, lakini shida yake haijakwisha? Mtamfanyia nini juma hili?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.